Bahari Iliyopanda Vilima: Uchongaji kati ya Ukambani na Pwani

Kola haina bahari. Ni soko dogo juu ya vilima vilivyo kusini mwa mji wa Machakos, kwenye barabara ya kwenda Wote. Ukisimama hapo unaona mashamba ya matuta, miembe, paa za mabati na vumbi jekundu la Ukambani; ufukwe wa Mombasa uko zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Mtoto wa hapa anaweza kukua, akaoa na kujenga kabla hajalowesha miguu katika maji ya chumvi. Hata hivyo, anayetaka kuandika historia ya uchongaji wa Wakamba hana budi kuanza na bahari. Ilimjia mchongaji wa vilimani kwanza ikiwa mnunuzi, baadaye ikawa njia ya vita na ya uhamisho, baadaye tena ikawa duka la watalii, na mwisho ndipo ilipogeuka kuwa sura ya kuchongwa na kutazamwa. Siku hizi msanii wa Kenya akifungua maonyesho ya peke yake, jina moja mlangoni na viumbe wa majini ukumbini, watu huona ni jambo la kawaida. Ukawaida huo una historia ndefu, nao umegharimu wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Tuanze na walioishi na bahari mlangoni. Katika miji ya Waswahili mawe na mbao vilichongwa tangu kale. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika tumbawe, yakiwa na mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Tumbawe likitolewa chini ya maji likiwa bado bichi hukatika kwa urahisi, kisha likikaa juani na kupigwa na upepo huwa gumu kama jiwe lolote. Kwa hiyo mafundi waliopamba mihirabu ya pwani hii walikuwa wakichonga bahari yenyewe, bila ushairi wowote katika kusema hivyo. Lakini walichochonga humo ni maua, mafundo, mistari na aya. Dini haikupenda sanamu, na wateja wao, matajiri wa biashara ya dhahabu na pembe, walitaka utukufu wa Mungu na wa nyumba zao. Sura ya bahari ilipita kwa mlango wa uani. Katika magofu ya Kilwa, Gedi na Takwa kuna vyombo vilivyokwaruzwa kwenye lipu kwa ncha kali: mlingoti, tanga, kamba za kushikilia, wakati mwingine usukani peke yake, kana kwamba mchoraji aliitwa kabla hajamaliza. Kwangu mimi hayo ndiyo maonyesho ya kwanza ya bahari katika Afrika Mashariki, na mwenye maonyesho hajulikani.

Karne zilizofuata ziliongeza fahari, ila hazikuongeza majina. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, ulichorwa macho mbele ili uone njia. Pate walikuwa na siwa ya pembe za ndovu iliyochongwa, Lamu wakawa na ya shaba, na zote mbili zilipulizwa katika sherehe kubwa za mji. Katika karne ya 19, chini ya masultani wa Busaidi, milango ya Unguja ilifikia upeo wake: mnyororo kwenye miimo, mawimbi, mtende, na chini kabisa, karibu na kizingiti, samaki. Juu ya mlango iliandikwa aya ya Kurani, pengine na mwaka na jina la mwenye nyumba. Fundi alijulikana mtaani kwake, akalipwa, akaondoka. Nyuma ya miji hiyo, katika kaya za Wamijikenda, mzee wa chama cha Gohu aliyefariki akiwajia jamaa zake ndotoni alisimamishiwa kigango, nguzo bapa yenye kichwa cha duara na mapambo ya pembetatu. Kigango kilikuwa na jina, na jina hilo lilikuwa la marehemu. Mnamo 2019 jumba la makumbusho la Denver, Marekani, lilirudisha Kenya vigango 30 vilivyokuwa vimeondolewa makwao na kuuzwa huko kama sanaa. Hadi leo ukisoma maelezo yake hupati mchongaji.

Ukambani unaingia katika hadithi hii kwa mlango wa pembe za ndovu. Kufikia mwanzo wa karne ya 19, wawindaji na wafanyabiashara wa Kikamba walikuwa wameshika njia kati ya bara na Mombasa. Walivuka nyika kavu ya Taru kwa miguu, misafara ya mamia ya watu, wakashusha pembe kwa Wamijikenda na Waswahili, wakarudi na nguo, chumvi, ushanga na waya wa shaba. Ukame mkali wa miaka ya 1830 uliwasukuma wengine wao kuhamia moja kwa moja karibu na Rabai na Kwale, na wajukuu wa wajukuu wao wako huko mpaka sasa. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliwakuta Wakamba wakiwa mabingwa wa safari za bara. Mwaka 1849 mfanyabiashara wao mkuu, Kivoi wa Kitui, ndiye aliyempokea nyumbani kwake, na ni kutoka kwake Kitui ndipo Krapf alipouona Mlima Kenya kwa mbali, Desemba ya mwaka huo. Kivoi aliuawa mwaka 1851 safarini kuelekea Mto Tana. Baada ya hapo misafara ya pwani ilianza kupanda bara yenyewe, na enzi ya Wakamba kama madalali wa pembe ikafifia.

Kilichobaki ni kigoda. Kigoda cha mzee wa Kikamba ni kipande kimoja cha mti, hakina kiungo wala msumari. Kiti chake ni duara lililobonyea kidogo katikati kama sahani, na chini yake miguu mitatu imepinda kwa nje, maana miguu mitatu haiyumbi hata kwenye uwanja wa mawe. Mchongaji alikichimba kwa tezo mpaka unene ukawa sawa kila upande. Akimaliza, alichukua waya mwembamba wa shaba, akaukata vipande vidogo, akavigongomea ndani ya uso wa mti kimoja baada ya kingine, mpaka yakatokea maduara ndani ya maduara, nyota, na mistari kama meno ya msumeno. Pitisha kiganja juu yake: husikii mahali mti unapoishia na shaba inapoanzia. Waya huo ulikuja kwa jahazi. Ulishushwa Mombasa, ukabebwa mabegani kupita Taru, ukafanywa mikufu na bangili, na kilichosalia kikaingia kwenye kigoda. Mzee aliyeamua kesi chini ya mti huko Ukambani, ambaye hakuwahi kuliona wimbi, alikuwa amekalia bidhaa ya baharini.

Walikuwapo waliolitabiri wimbi lenyewe. Masimulizi ya Wakamba humtaja Syokimau, mwonaji wa vilima vya Iveti, ambaye kabla ya wakoloni kuingia alisema atakuja nyoka mrefu kutoka maji hadi maji, akitema moshi na moto. Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilijenga kituo chake Machakos mwishoni mwa miaka ya 1880, na mwaka 1896 reli ikaanza kutandazwa kutoka Mombasa. Ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikagusa maji ya Ziwa Nyanza huko Kisumu. Machakos yenyewe ilirukwa. Reli ilipita kwenye mbuga, mji ukabaki kando na kudumaa, na katika miaka hiyohiyo njaa kubwa ambayo Wakamba huiita Ngomanisye iliwamaliza watu na mifugo. Kwa uchongaji, maana ya reli ni hii: safari ya kwenda pwani, iliyokuwa kazi ya majuma na ya watu wenye silaha, ikawa safari ya tikiti.

Vita Kuu ya Kwanza ilimpeleka mchongaji baharini bila tikiti. Kati ya 1914 na 1918 Waingereza waliwakamata na kuwaandikisha wanaume kwa mamia ya maelfu kuwa wapagazi wa jeshi. Jina la Kiingereza la kikosi chao, lililotamkwa na Waafrika walivyolisikia, limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariakor ya Nairobi. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Wakamba walikuwa miongoni mwa waliochukuliwa, na mmoja wao alikuwa Mutisya wa Munge, mtu wa Wamunyu, mashariki mwa Machakos kwenye njia ya Kitui. Akiwa Tanganyika aliwaona wachongaji wa huko wakitengeneza sura za watu na wanyama, na akaona kwamba zinanunuliwa. Ufundi wa kushika tezo alikuwa nao tangu nyumbani, kama wenzake wengi. Alichokipata ugenini ni wazo kwamba kitu kinaweza kuchongwa kisiwe kigoda, wala kibuyu cha ugoro, wala mpini, kikawa cha kutazamwa tu na bado kikaleta chakula. Aliporudi Wamunyu alianza kuchonga na kuuza, jamaa zake wakajifunza kwake, majirani wakajifunza kwa jamaa zake. Biashara yote ya vinyago vya Wakamba huhesabu ukoo wake hadi kwa mtu huyu mmoja. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba sanaa iliyokuja kusifika kwa kutokuwa na majina inaanza na jina linalojulikana namna hii.

Miaka ya kati ya vita viwili ilikuwa ya udongo zaidi kuliko ya mti. Vilima vya Machakos, vikiwa vimebanwa na mipaka ya hifadhi ya wenyeji, vililimwa na kulishwa mifugo mpaka vikaanza kuondoka. Maji ya vilima hivi hushuka hadi Mto Athi. Athi ukiteremka huitwa Galana, na ukikaribia pwani huitwa Sabaki, kisha humwaga yote katika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Wanasayansi waliokata tumbawe moja kubwa la Malindi, lenye umri wa takriban miaka 300, wamekuta ndani yake alama za udongo huo zikipanda kwa ghafla mwanzoni mwa karne ya 20. Ukambani ulikuwa unaandikwa ndani ya jiwe la bahari, mwaka baada ya mwaka, na hakuna mkono uliokusudia. Serikali ya kikoloni iliamua kwamba dawa ni kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 Wakamba waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Ng'ombe wengi walirudishwa, lakini Muindi mwenyewe alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Ndivyo bahari ilivyokuwa kwa kizazi kile: mahali mtu wa vilimani alipopelekwa ili asisikike. Kazi ya matuta iliyofuata, kwanza kwa kulazimishwa na baadaye kwa vikundi vya mwethya, ndiyo iliyozipa Kola na jirani zake sura ya ngazi zilizo nayo leo. Nimewahi kufikiri kwamba hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote iliyowahi kuchongwa Ukambani.

Vita ya Pili ilileta wateja. Askari wa Kizungu waliopitia Nairobi na Mombasa walitaka kitu cha kupeleka nyumbani, na Wamunyu wakawa nacho: Mmasai na mkuki, twiga, swala, kijiko cha saladi chenye kichwa cha mwanamke. Kufikia miaka ya 1950 shehena za vinyago zilikuwa zikipelekwa Ulaya na Marekani, na mwaka 1958 mchumi Walter Elkan alichapisha uchunguzi wake juu ya biashara hiyo, ushahidi kwamba ilikuwa kubwa kiasi cha kuwashughulisha wachumi. Mfumo wake ulikuwa wa kiwanda kisicho na kuta. Mmoja alikata gogo na kutoa umbo, mwingine akatia macho na masikio, wanawake na watoto wakapiga msasa, mwisho ikaja rangi ya viatu na kitambaa. Swala mmoja alipita mikono minne au mitano. Ukiuliza ni wa nani, hakuna wa kujibu.

Wakati huohuo ng'ambo ya Ziwa Nyanza kulikuwa na mtindo mwingine. Margaret Trowell alikuwa ameanzisha masomo ya sanaa Makerere mwishoni mwa miaka ya 1930, na mwanafunzi wake Gregory Maloba, aliyezaliwa Mumias mwaka 1922, alichonga mwaka 1941 kazi aliyoiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mauti. Maloba ndiye aliyesimamisha mnara wa uhuru wa Kampala mwaka 1962, na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwake kazi ilikuwa na jina la kitu na jina la mtu. Tofauti hiyo inaonekana ndogo karatasini, lakini ndiyo iliyogawanya uchongaji wa Afrika Mashariki katika mikondo miwili ambayo mpaka sasa haijaungana vizuri: mmoja ukaenda kwenye kumbi, mwingine ukaenda kando ya barabara. Dar es Salaam iliichanganya kidogo. Wamakonde kutoka Msumbiji, wakichonga mpingo kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kihindi, walikuta kwamba ubunifu nao unauzwa. Samaki Likankoa anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo wa shetani mwishoni mwa miaka ya 1950, na hapo jina la mchongaji likaanza kupandisha bei. Wamunyu haikuufuata mfano huo. Ilikuwa imeshapata soko.

Uhuru wa Kenya uliukuta mkondo wa barabarani ukihamia baharini. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba walioishi Mombasa waliunda ushirika wao Changamwe, karibu na barabara ya uwanja wa ndege, na ukaja kuwa na maelfu ya wanachama. Ni kijiji kizima cha vibanda: milio ya tezo tangu alfajiri, vumbi la mti linaloingia puani, vipande vyeupe vya mbao ardhini kama magamba ya samaki. Watalii wa hoteli za Nyali na Diani walishushwa hapo kwa mabasi. Na kwa kuwa mtalii wa pwani alitaka kukumbuka pwani, orodha ya wanyama ikaongezeka: pomboo, kasa, papa, samaki wa kila namna, na wachongaji wake walikuwa watu ambao babu zao hawakuwa na sababu ya kujua kasa anaogelea vipi. Hapo ndipo bahari inapoingia kwa mara ya kwanza katika uchongaji wa Wakamba ikiwa sura, na iliingia kwa amri ya mnunuzi, kama kila kitu kingine.

Mti nao ulibadilika. Muhugu na mpingo, vilivyobeba biashara hiyo kwa miongo mingi, vilikatwa mpaka vikaadimika katika misitu ya pwani. Tangu miaka ya 1990 watunza mazingira waliwashawishi wachongaji wahamie kwenye miti inayokua haraka, na uliopata sifa zaidi ni mwarobaini. Mwarobaini si wa kwetu kwa asili. Ulikuja kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi, ukaota hadi ukaonekana kama ulikuwapo siku zote, ukapewa jina la magonjwa arobaini. Wakongwe waliunung'unikia kwamba hupasuka na kwamba harufu yake ni kali. Wakauzoea. Ukiangalia kasa wa Changamwe leo, sura yake ni ya baharini na mti wake ulivuka bahari. Cha vilimani humo ni mkono peke yake.

Kumbi za Nairobi zilikua polepole upande wa pili. Elimo Njau na wenzake walifungua Paa ya Paa mwaka 1965, jumba la kwanza la sanaa lililoendeshwa na Waafrika katika mji huo. Huko Samwel Wanjau, ambaye hakuwahi kusoma chuo cha sanaa, alichonga mpiganaji wake wa Mau Mau. Gallery Watatu ilifuata mwishoni mwa muongo huo. Kutoka Kisii, Elkana Ong'esa alilitoa jiwe la Tabaka kwenye vibakuli vya sabuni akaligeuza ndege wa amani anayesimama makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Maonyesho ya mtu mmoja, jambo lililozoeleka Ulaya tangu karne ya 19, yakawa hapa kipimo cha msanii: je, unazo kazi za kutosha kujaza chumba, na je, zinasema jambo moja? Mfumo wa Wamunyu haukumwandaa mtu kwa swali la pili. Kuwa na jina hakukuwa bado kuwa na nafasi. Mwaka 2015 banda la Kenya katika maonyesho makubwa ya Venice lilipangiwa wasanii ambao wengi wao walikuwa Wachina, mpaka wasanii wa nyumbani wakapiga kelele na serikali ikajitenga nalo.

Wakati hayo yakiendelea, bahari yenyewe ilianza kuleta malighafi. Katika miaka ya 1990 fukwe za Kiunga, mpakani na Somalia, zilikuwa zimefunikwa na ndala za plastiki zilizobebwa na mikondo ya maji, nyingine kutoka ng'ambo kabisa, zikiwazuia kasa kupanda kutaga. Wanawake wa huko walianza kuziokota na kuzikata kuwa vinyago. Kazi ikakua ikahamia Nairobi, na walioajiriwa kuichonga wengi walikuwa wachongaji wa mti. Ndala husafishwa, hugundishwa tabaka juu ya tabaka mpaka ziwe gogo la rangi, kisha huchongwa kwa kisu kama gogo lolote. Baadaye Lamu ikajibu kwa namna yake. Septemba 2018, mwaka mmoja baada ya Kenya kupiga marufuku mifuko ya plastiki, Ali Skanda na mafundi wenzake walishusha majini Flipflopi, jahazi la mita 9 lililojengwa kwa takriban tani 10 za taka za plastiki, ubavu wake ukiwa umevikwa ndala 30,000. Mapema 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, kama kilomita 500. Skanda ni wa ukoo wa waunda majahazi na wachongaji, na uso wa chombo hicho, wenye rangi za maembe na kasuku, sioni ni kwa nini usihesabiwe katika ukoo mmoja na macho ya mtepe.

Mkondo wa kumbi nao ukafika majini, kwa njia ya mbali kuliko zote. Wangechi Mutu alizaliwa Nairobi mwaka 1972. Hatoki Ukambani wala pwani. Alisoma Wales, kisha New York, akahitimu uchongaji Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2000, ingawa kwa muda mrefu dunia ilimjua kwa picha zake za kubandika. Oktoba 2014 alifungua mjini London maonyesho ya peke yake na akayapa jina la Kiswahili kitupu: Nguva na Nyoka. Nguva ni neno lenye miili miwili. Ni mnyama halisi anayenyonyesha na kula majani ya baharini, aliyekuwa akionekana Lamu na Kiunga na sasa ni nadra mno, kundi la maana lililobaki upande huu wa bahari likiwa Bazaruto, Msumbiji. Ni vilevile mwanamke wa majini anayesimuliwa na wavuvi, mwenye kuvuta watu wasirudi. Mutu alimshika yule wa pili bila kumsahau wa kwanza. Mwaka 2017 alimtoa katika karatasi akamwingiza katika shaba nyeusi: mwanamke ameketi, nywele na kifua cha binadamu, chini mkia mpana wa nguva umejikunja ubavuni, ngozi yote nyeusi inayong'aa kama imetoka majini sasa hivi. Akawekwa ukingoni mwa maji katika bustani ya sanamu mjini Austin, Texas. Mwaka 2020 akafuata mwanamke mwenye mabawa ya samaki taa, na 2022, katika bustani ya Storm King, New York, akaonyesha mtumbwi wa shaba wenye watu wawili ambao miguu na mikono yao imeota kama mizizi ya mikoko. Kati ya hayo, mwaka 2019, sanamu zake nne za wanawake walioketi zilikalia vishubaka vya uso wa jumba la Metropolitan mjini New York, vilivyokuwa vitupu tangu 1902.

Kuhusu nyoka aliyemwambatanisha na nguva wake, sidai kwamba Mutu alimfikiria Syokimau. Nasema tu kwamba mtu wa Machakos akilisoma jina hilo la maonyesho, nyoka na maji yakiwa pamoja, atasikia jambo ambalo Mwingereza wa London hakulisikia.

Kola ya leo iko chini ya serikali ya kaunti iliyoanza kazi mwaka 2013. Barabara imetiwa lami, na kijana anayetaka kujua nguva ana sura gani humtazama kwenye simu akiwa amekaa kwenye jiwe. Mvua za Novemba zikinyesha, matuta huzuia udongo mwingi, na ambao haukuzuiliwa hushika njia yake ya zamani hadi Sabaki, na kwa majuma kadhaa maji ya Malindi huwa na rangi ya vilima. Changamwe bado wanachonga, japo wateja walipungua sana wakati wa korona. Katika duka la ushirika, rafu ya viumbe wa baharini iko upande wa dirisha: pomboo wa mwarobaini amerukia hewani juu ya wimbi la mti uleule, mgongo umepigwa msasa mpaka unateleza, jicho ni tundu dogo lililochomwa kwa chuma cha moto. Mgeuze. Chini ya wimbi, kwa kalamu ya wino, pameandikwa bei, na kando ya bei, namba ya mwanachama.